Kuhamisha santuri za zamani kwenda kwenye kompyuta: maswali ninayoulizwa kila mara

Marehemu baba alituachia sanduku la bati lenye santuri 63. Nyingi ni zile ndogo zilizofyatuliwa Nairobi miaka ya sabini, chache ni LP, zile kubwa zenye nyimbo kadhaa kila upande, na tatu ni za kale kabisa, nzito, zile ambazo zikianguka zinavunjika kama sahani ya udongo. Nilizihamisha zote ziwe faili za kompyuta, Jumamosi baada ya Jumamosi, sebuleni kwetu Tanga. Tangu hapo simu haziishi: shemeji aliyeko Muscat, jirani, rafiki wa jirani. Maswali ni yale yale, basi nimeyajibu hapa mara moja. Nikisema santuri nina maana ya sahani yenyewe. Mashine ya kuipigia nitaiita pleya, ingawa mama hadi leo anaiita gramafoni.

Kwani siwezi kuweka simu mbele ya spika nikarekodi?

Unaweza, na kama unataka tu kumrushia dada yako kionjo kwa WhatsApp, fanya hivyo. Lakini simu itarekodi chumba kizima: feni, watoto, mwangwi wa ukuta. Isitoshe, simu hupandisha na kushusha sauti yenyewe ili maneno ya mtu yasikike, kwa hiyo gitaa likianza kupanda, yenyewe inalikandamiza. Kuhamisha santuri kwa maana yake hasa ni kuchukua kinachotoka kwenye sindano na kukipitisha kwenye waya hadi kompyuta, bila hewa katikati.

Vifaa gani vinatosha?

Pleya yenye sindano nzima, priampu ya fono (kikuza sauti kidogo cha kupokea sauti ya sindano), kisanduku cha sauti cha USB (cha kuingiza sauti ya waya kwenye kompyuta) na kompyuta yoyote inayofanya kazi. Hata laptopu ya miaka kumi iliyopita inaweza.

Ukibahatika kupata amplifaya ya stereo ya miaka ya sabini au themanini, igeuze uangalie nyuma. Ikiwa na tundu lililoandikwa PHONO, priampu imo ndani tayari. Chomeka pleya hapo, kisha toa waya kwenye tundu la REC OUT au TAPE OUT upeleke kwenye kile kisanduku cha USB. Ukizunguka Kariakoo au barabara ya Luthuli kule Nairobi na ukawa na subira ya kuulizia, amplifaya za namna hiyo bado zinaonekana, na mara nyingi muuzaji hajui hata tundu la PHONO ni la nini.

Zipo pia pleya zenye kila kitu ndani, unachomeka waya wa USB tu. Audio-Technica wanazo kadhaa. Kwa mtu mwenye santuri 20, hiyo inamtosha. Zile za mkoba, zenye spika humohumo, mimi sizipendi: nyingi mkono wake hauna uzito wa kurekebisha nyuma, na sindano inaikandamiza santuri kuliko inavyostahili.

Nimeunganisha, lakini sauti ni nyembamba kama ya mbu. Kuna nini?

Umeruka priampu. Santuri inapokatwa kiwandani, besi hupunguzwa makusudi, kwa sababu ikiachwa ilivyo, mfereji inamopita sindano ungeyumba hadi kuuingilia wa jirani yake. Sauti za juu nazo huongezwa ili zisimezwe na mchakacho wa sahani. Kipimo cha kupunguza na kuongeza kiliwekwa Marekani mwaka 1954, kinaitwa RIAA, na viwanda vikakifuata. Priampu kazi yake ni kuigeuza hesabu hiyo: inairudisha besi, inazishusha za juu. Tena inakuza, maana sindano ya sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5 hivi, wakati kompyuta inasubiri mamia.

Kama tatizo lako ni kinyume, yaani sauti imevimba na inakwaruza, huenda umepitisha priampu mbili. Pleya nyingi za siku hizi zina swichi nyuma ya PHONO na LINE. Ukitumia priampu ya nje, iwe PHONO. Vinginevyo, LINE. Pleya za kale za betri, zenye sindano ya seramiki, hazihitaji priampu kabisa.

Nichomeke wapi kwenye laptopu?

Kwenye USB, kupitia kisanduku. Usichomeke kwenye lile tundu dogo la maikrofoni. Nasema hivi kwa uchungu: mara ya kwanza nilichomeka hapo, nikarekodi mchana kutwa, santuri 11. Jioni nikakaa kusikiliza. Sauti ya upande mmoja tu, imepasuka, gitaa la rizimu limepotea lote. Tundu lile limetengenezwa kwa sauti ndogo ya maikrofoni, na kwenye laptopu nyingi ni la njia moja. Nilirudia zote 11.

Santuri ni chafu. Nizioshe na nini?

Hii ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo inayorukwa na wengi. Mchakacho mwingi ambao watu wanataka kuuondoa kwa programu ni vumbi ambalo lingeondoka kwa kitambaa.

Piga picha lebo kwanza, pande zote mbili. Kisha nenda kituo cha mafuta ununue maji ya betri, yale maji safi yaliyokenekwa. Si asidi! Chupa zinafanana na zinakaa rafu moja, kwa hiyo soma maandishi, usiagize kwa rangi ya kifuniko. Maji ya bomba, hasa ya kwetu pwani, yana chumvi, na yakikauka yanaacha chumvi hiyo ndani ya mifereji. Kwenye nusu lita weka tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, lisizidi. Tandaza taulo, laza santuri, lowesha kitambaa laini, kile cha miwani au fulana ya pamba iliyofuliwa hadi imechoka, na upanguse kwa kuzunguka, ukifuata mifereji inavyokwenda. Usikate kutoka katikati kwenda nje, unasukuma mchanga juu ya kuta za mfereji. Rudia kwa maji matupu yasiyo na sabuni. Zisimamishe kwenye kichanja cha vyombo zikauke kivulini.

Lebo isiguse maji. Nilitaka kuwa hodari nikaitumbukiza moja yote kwenye karai la maji ya uvuguvugu. Lebo ikabanduka ikaelea, na santuri hiyo sasa naijua kwa alama ya kalamu niliyoipiga mwenyewe.

Ukungu mweupe, ambao Tanga na Mombasa tunaujua vizuri, futa kwanza ukiwa mkavu, nje ya nyumba, kisha osha kama nilivyosema. Na zile santuri nzito za kale kamwe usizipake spiriti. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, na utomvu huo unayeyuka kwenye spiriti kama sukari kwenye chai.

Na sindano?

Iangalie kwa tochi ya simu. Ikiwa na kidonge cha vumbi, ipige brashi laini kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kutoka upande. Kama hujui ilinunuliwa lini, nunua nyingine: sindano iliyolika inachonga mfereji. Uzito wa mkono fuata maandishi ya katriji yako, yaani kile kidude kinachoshika sindano; mara nyingi ni kati ya gramu 1.5 na 2. Watu wanadhani sindano nyepesi sana ndiyo salama. Nyepesi mno inadunda, na inapodunda inaumiza.

Nitumie programu gani?

Audacity. Ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na mafunzo yake yamejaa mtandaoni. Chagua kisanduku chako cha USB kama chanzo cha sauti, njia mbili, 44100 Hz, biti 24. Wapo watakaokushawishi 96000 Hz. Faili zitakuwa zaidi ya mara mbili, na kwa santuri iliyochezewa harusi tatu sikio lako halitaona tofauti.

Cheza kwanza sehemu yenye kelele kuliko zote, ambayo kwenye rumba ni pale sebene inapochanganya, huku ukitazama mita. Vilele vifike kama -6, visiguse 0. Vikigusa 0 vichwa vya mawimbi vinakatwa, na kilichokatwa hakirudi. Ukirekodi chini kidogo hakuna hasara, utaongeza baadaye.

Rekodi upande mzima bila kusimama, pamoja na sekunde chache za sindano ikiwa kwenye mfereji mtupu kabla wimbo haujaanza. Kimya hicho chenye mchakacho utakihitaji.

Kuna mvumo, mmm, hauishi. Unatoka wapi?

Kwenye umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na huo ndio unaousikia. Pleya nyingi zina waya mwembamba wa ziada kando ya zile mbili za sauti, wenye kibano mwishoni. Ni wa athi, ufunge kwenye skrubu ya GND ya amplifaya au priampu. Mvumo ukibaki, chomoa chaja ya laptopu na urekodi kwa betri. Kwangu hilo lilimaliza tatizo siku ileile.

Nikirekodi, kelele za mtaani zitaingia?

Bodaboda ipite, jogoo awike, mwadhini aadhini: haviingii, maana hakuna maikrofoni. Kinachoingia ni mtikisiko. Mtoto akikimbia kwenye sakafu ya mbao, au spika ikiwa meza moja na pleya, sindano inausikia. Weka pleya juu ya kitu kizito peke yake, na usikilize kwa hedifoni.

Wimbo umekatwa katikati: nusu upande A, nusu upande B. Niziunge?

Swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halijibiwi kwenye miongozo ya Wazungu.

Santuri ndogo ya 45, yaani ya mizunguko 45 kwa dakika, inabeba dakika tatu hadi tano hivi kila upande. Bendi zetu hazikuimba kwa dakika tatu. Zilianza taratibu, mashairi, kiitikio, kisha magitaa yakaachiwa yafanye yao, na hayo yalitaka nafasi. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodi Redio Tanzania au zilivuka mpaka kwenda studio za Nairobi, na santuri zikafyatuliwa Kenya. Dawa waliyoitumia mafundi ni kuukata wimbo: upande wa kwanza unafifia maneno yanapoisha, ukiigeuza unakuta "Pt. 2" na magitaa yako njiani. Ndiyo maana ukimtumia mtu upande A peke yake, umemnyima sebene.

Jibu langu: tunza pande mbili kama faili mbili, jinsi zilivyo, kisha tengeneza faili ya tatu iliyounganishwa kwa ajili ya kusikiliza. Tafuta mwanzo wa upande B mdundo wa kwanza wa ngoma uliokamilika. Rudi upande A utafute mdundo unaofanana nao, kabla sauti haijaanza kufifia. Vilaze vipande viwili vipishane kama sekunde moja, kimoja kikishuka kingine kikipanda. Sikiliza besi tu. Besi ikijikwaa, sogeza tena kidogo kidogo. Nyingine zinaungana kama hazijawahi kuachana. Nyingine haziungani hata ufanyeje, kwa sababu kipande cha katikati kilibaki kwenye mkanda wa studio na hakikuwahi kutiwa kwenye santuri. Hapo acha kimya cha sekunde moja, kama muda wa kuigeuza.

Niondoe mikwaruzo yote?

Bi mkubwa mmoja wa Ngamiani aliniletea santuri moja, moja tu, imefungwa kwenye kanga. Ilikuwa na mkwaruzo unaofanya sindano iruke neno katika ubeti wa pili. Nilihangaika nayo siku mbili, nikalipata lile neno kwa kusukuma mkono kidogo, nikalishona mahali pake, nikafuta mipasuko. Nikajiona fundi. Nikamchezea. Alikuwa anaimba taratibu, na alipofika pale aliruka neno, kama santuri ilivyokuwa ikiruka nyumbani kwake miaka yote, na wimbo ukamwacha nyuma.

"Mwanangu," akasema, "mbona hapa umeongeza?"

Nilimpa faili mbili. Tangu siku hiyo ile ghafi siifuti, na siigusi.

Sasa kwa upande wa ufundi. Audacity ina kifaa cha kuondoa mipasuko, kile kinachosikika tak, tak. Kitumie kwa mkono mwepesi. Mpasuko mmoja mkubwa ni bora uuvute karibu hadi uone wimbi lenyewe, uurekebishe peke yake. Kifaa cha kupunguza mchakacho kinajifunza kutoka kwenye zile sekunde za mfereji mtupu ulizorekodi mwanzoni. Ukikikaza sana, waimbaji wataimba kama wako ndani ya pipa, na matoazi yatalia kama maji.

Kabla ya yote hayo jaribu hili: kama santuri ni ya mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia, na 45 nyingi za zamani ni za mono, changanya njia mbili ziwe moja. Muziki wa mono umechorwa kwa mfereji kuyumba kushoto na kulia. Uchafu unairusha sindano juu na chini. Ukichanganya njia mbili, mirusho ya juu na chini kwa sehemu kubwa inafutana yenyewe. Ni kubofya mara moja tu, na kwangu imesaidia kuliko vifaa vingine vyote.

Santuri inakwama, inarudia neno moja. Imekufa?

Mara nyingi ni uchafu mgumu. Osha tena. Ikigoma, acha sindano ikwame, isukume kwa wembamba wa unyoya hadi ivuke, endelea kurekodi, kisha ukate marudio kwenye kompyuta. Usiweke sarafu juu ya mkono wa pleya. Najua baba zetu waliweka.

Nina zile nzito za 78. Zinawezekana?

Zinawezekana, ila sindano ni nyingine. Mfereji wa 78 ni mpana: sindano yake ina ncha ya maikroni 76 hivi, ya kawaida ni kama 18, kwa hiyo ukitumia ya kawaida inaburura chini kwenye vumbi. Katriji nyingi zinauziwa sindano ya 78 ya kubadilisha. Kama pleya yako haina spidi ya 78, cheza kwa 45, kisha mwambie Audacity ibadilishe spidi kutoka 45 kwenda 78. Spidi hizo zimo kwenye orodha yake tayari. Besi na sauti za juu zitahitaji kurekebishwa kwa sikio, maana santuri za kabla ya 1954 kila kampuni ilikuwa na kipimo chake.

Hizi zipe kipaumbele. Siti binti Saad alirekodi kwenye santuri za aina hii, Bombay, mwaka 1928, chini ya kampuni ya HMV, na kila inayovunjika sebuleni kwa mtu imepungua moja. Na tafadhali, gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, yenye sindano ya chuma, isiguse santuri ya plastiki. Itailima kama jembe.

WAV, FLAC au MP3?

Hizo ni aina za faili za sauti: FLAC ya kuhifadhi, MP3 ya kutuma. LP ya dakika 40 katika WAV ya kiwango cha CD inakula kama MB 420, na ukirekodi kwa biti 24 ongeza nusu yake. FLAC inabana hiyo bila kupoteza chochote. MP3 ya 320 inakuwa kama MB 96, lakini kilichotupwa hakirudi, kwa hiyo usifanye MP3 kuwa nakala yako pekee. Weka nakala mahali pawili, mojawapo pasiwe nyumbani kwako.

Faili nizipe majina gani?

"Track 01" ni kaburi lisilo na jina. Andika bendi, wimbo, upande, kampuni na namba ya santuri, vyote kama vilivyo kwenye lebo, hata kama wamekosea tahajia. Usahihi uweke kwenye maelezo. Lebo nyingi za Nairobi zinataja mtunzi, mdundo na lugha, na mtunzi si lazima awe yule mwimbaji maarufu unayemfikiria. Pia inamishia santuri kwenye taa: karibu na lebo, pale panapong'aa bila muziki, kuna namba zilizochorwa kiwandani. Ziandike. Siku lebo ikibanduka, kama yangu, namba hizo ndizo cheti cha kuzaliwa.

Na kama kuna mwandiko wa kalamu, upige picha. Kwenye moja ya baba pameandikwa "B kwanza". Alikuwa sahihi, upande B ni mtamu zaidi.

Naweza kuzipandisha YouTube?

Sahani ni yako, wimbo si wako. Mtunzi, au warithi wake, na kampuni iliyorekodi wana haki zao, hata kama kampuni hiyo huisikii tena. Kusikiliza na familia ni jambo moja, kuutangazia ulimwengu ni lingine. Ukitaka kufanya hivyo, waulize wasimamizi wa hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, au KECOBO kwa Kenya.

Itanichukua muda gani?

LP ya dakika 40 inarekodiwa kwa dakika 40, hakuna njia ya mkato. Ukijumlisha kuosha, kukata na kuandika majina, hesabu saa mbili. Anza na santuri usiyoipenda, ukosee hapo.

Nikimaliza, santuri nizitupe?

La. Kompyuta zinakufa haraka kuliko plastiki ile. Zisimamishe wima kama vitabu, zisilaliane, zisikae juu ya kabati chini ya paa la bati, na usiziache ndani ya gari lililofungwa juani hata kwa muda wa kununua mkate. Lile sanduku la baba nilitamani ziendelee kukaa humo, lakini bati linashika joto. Mama sasa anawekea vitenge, na santuri ziko kwenye kabati la vitabu, upande usiofikiwa na jua la jioni.